KUCHOMELEA GARI LENYE KUTU NYUMBANI: TULINDE MACHO NA MAPAFU



Kutu ni adui wa kila chombo cha chuma. Inakula jembe. Inakula bati. Inakula pia pikapu inayopeleka mahindi yetu mnadani na wagonjwa wetu hospitali. Siku moja unanyanyua mkeka wa raba kwenye sakafu ya gari. Unaona tundu, na kupitia tundu hilo unaona ardhi.

Gari likitoboka hivyo, wengi wetu hatulipeleki mjini. Tunamwita fundi mwenye mashine ya kuchomelea. Anaziba tundu hapo hapo uani, chini ya mwembe. Kazi hii ni nzuri. Inaokoa fedha, na gari linarudi barabarani upesi.

Lakini kazi hii ina madhara. Mengi ya madhara hayo hayaonekani wakati wa kazi. Fundi anamaliza kazi akiwa mzima. Anaoga, anakula, analala. Usiku wa manane macho yanamchoma kama yametiwa mchanga. Au anatetemeka kwa homa akidhani ni malaria. Hapo ndipo anapokuja zahanati.

Leo tutajifunza jinsi ya kuziba sakafu ya gari iliyoliwa na kutu. Katika kila hatua tutatazama jinsi ya kulinda afya ya fundi, ya mwenye gari na ya watoto wanaotazama.

KUTU NI NINI?

Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, hugeuka polepole kuwa unga mwekundu. Unga huo ndio kutu. Chumvi huharakisha kutu. Ndiyo maana magari ya pwani huoza mapema. Gari linalobeba mbolea ya chumvichumvi au samaki wa chumvi huoza mapema vilevile. Matope yaliyoganda chini ya gari nayo hushika unyevu kwa siku nyingi.

Kutu haina nguvu ya chuma, wala haiungiki. Fundi akijaribu kuchomelea juu ya kutu, moto hutoboa na tundu huzidi kupanuka. Kwa hiyo, kata sehemu mbovu mpaka ufikie chuma kizima. Utakijuaje chuma kizima? Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito, na hubonyea.

Si kila sehemu ya gari ifaa kuchomelewa nyumbani. Sakafu, bodi na bomba la moshi vinaweza kuzibwa uani. Lakini chesisi, usukani, breki na mahali pafungwapo mikanda ya abiria ni kazi ya fundi aliyesomea, katika karakana yenye vifaa. Kiungo kibaya cha sakafu kitavujisha maji. Kiungo kibaya cha usukani kitaua watu.

KABLA YA KUWASHA MASHINE

Peleka gari mahali pa wazi penye udongo mtupu. Pawe mbali na nyumba ya nyasi, ghala, kuni na majani makavu. Mita 10 au zaidi zinafaa. Cheche za kuchomelea huruka mbali na kuviringika chini kabla ya kuzimika.

Ng'oa viti, mikeka na kila kinachoweza kushika moto. Kisha ingia chini ya gari utazame upande wa pili wa sakafu. Huko hupita bomba la petroli, mabomba ya breki na nyaya. Fundi huona upande wa juu tu, lakini joto hupita mpaka upande wa chini. Sogeza au fungua vitu hivyo kwanza. Fungua pia nyaya za betri.

Weka karibu ndoo ya mchanga na ndoo mbili za maji. Moto ukitokea, zima mashine kwanza ndipo umwage maji. Maji na umeme havipatani.

Osha matope na grisi kwa maji na sabuni, kisha acha pakauke kabisa. Hapa pana jambo la kuangalia sana. Baadhi ya mafundi hutumia dawa za kopo za kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zina klorini ndani yake. Zikipata joto na mwanga wa kuchomelea, hutoa gesi ya sumu iitwayo fosjini. Gesi hiyo huharibu mapafu. Mtu anaweza kujiona mzima, kisha akabanwa pumzi saa nyingi baadaye. Usitumie dawa hizo kwenye chuma unachotaka kuchomelea. Sabuni inatosha.

Baada ya hapo, kwangua rangi, lami na kutu kuzunguka tundu, upana wa vidole vitatu, mpaka chuma king'ae. Tumia brashi ya waya, msasa au grainda. Vaa miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi. Usiondoe kinga ya diski ya grainda. Diski ikivunjika, vipande vyake huruka kwa nguvu kubwa.

Sasa kata kiraka. Tumia bati la chuma lenye unene unaokaribia ule wa sakafu. Usitumie bati la kuezekea nyumba. Ni jembamba mno. Tena limepakwa zinki, na moshi wa zinki unaleta ugonjwa. Tutaueleza ugonjwa huo hapa chini.

Funga banio la waya wa kurudishia umeme kwenye chuma safi, karibu na mahali pa kazi. Weka nukta fupi za moto. Anza pembe moja, kisha ruka upande wa pili. Ukifuliza mstari mmoja mrefu, bati hujikunja na kutoboka.

MWANGA UNAOUNGUZA JICHO

Moto wa kuchomelea hutoa mwanga mkali mweupe. Pamoja na mwanga huo imo mionzi ambayo macho hayaioni. Ni mionzi ya aina ile iliyomo katika jua, lakini hapa iko karibu sana nawe. Mionzi hiyo huunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, kama jua linavyounguza ngozi ya mtu mweupe.

Jicho halilalamiki papo hapo. Maumivu huanza baada ya saa 6 hadi 12. Macho huwa mekundu, hutoa machozi, na mtu hawezi kutazama taa. Huhisi kama ana mchanga chini ya kope.

Miwani ya jua haitoshi kwa kazi hii. Fundi anatakiwa kuvaa kinyago cha kuchomelea chenye kioo maalumu cha giza. Kwa kazi ya kawaida ya kuchomelea kwa fito, kioo cha namba 10 au 11 kinafaa. Kioo kikipasuka, kibadilishe siku hiyo hiyo. Usichomelee kwa kufumba macho au kwa kugeuza uso. Mwanga huo huunguza pia shingo na mikono, kwa hiyo vaa nguo nzito za pamba zenye mikono mirefu, glavu za ngozi na viatu vya kufunika mguu. Nguo za nailoni huyeyuka na kuganda mwilini.

Na watoto? Watoto hupenda kutazama nyota zinazoruka. Hawana kinyago, tena wanakaa chini karibu na cheche. Jicho la mtoto halina ulinzi zaidi ya jicho la fundi. Basi, kabla ya kuwasha mashine, mwenye gari amweke mtu mzima mmoja wa kuzuia watoto. Simamisha kizuizi cha mabati upande wa njia wanapopita watu. Fundi apaze sauti kabla ya kila mguso: "Macho!" Wote wageuke.

Macho yakianza kuuma usiku, usiyafikiche. Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi juu ya kope. Kaa mahali penye giza. Meza dawa ya kawaida ya maumivu kwa kipimo chake. Asubuhi njoo zahanati tukutazame na kukupa dawa ya kupaka jichoni. Mara nyingi jicho hupona kwa siku moja hadi tatu. Usitie maziwa, kiazi kibichi, asali wala maji ya majani. Vitu hivyo vina vijidudu, na jicho lililoungua huingiliwa na vijidudu kwa urahisi. Usiazime matone ya ganzi. Yanaondoa maumivu, lakini yakitumiwa mara kwa mara yanaharibu jicho.

MOSHI UNAOFANANA NA MALARIA

Moshi wa kuchomelea si kama moshi wa kuni. Ni chuma kilichogeuka mvuke, kisha kikawa vumbi jepesi sana. Vumbi hilo hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii.

Zinki ndiyo yenye visa vingi. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 hivi. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,500 hivi. Maana yake ni kwamba, kabla chuma hakijayeyuka, zinki iliyopakwa juu yake imekwisha kuwa moshi. Moshi huo ni mweupe, na huacha unga mweupe kando ya kiungo. Ukiuona, simama. Kwangua zinki yote kwanza.

Mtu aliyevuta moshi wa zinki hupata homa saa 4 hadi 12 baadaye. Hutetemeka, huumwa kichwa na viungo, husikia kiu na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida homa hiyo huisha yenyewe baada ya siku moja au mbili.

Homa hiyo inafanana sana na malaria. Ufanye nini? Usikae nyumbani ukisema, "Ni moshi tu." Na usinunue dawa ya malaria dukani ukisema, "Ni malaria tu." Njoo zahanati upimwe damu. Tena mwambie mhudumu kwamba ulichomelea, na ulichomelea nini. Neno hilo moja litamsaidia sana. Ukibanwa kifua au pumzi, usingoje asubuhi. Boliti na vipuri vingine hupakwa kadimi, na moshi wa kadimi unaweza kuua.

Mafundi wengi hunywa maziwa ili kuondoa moshi. Ndugu zangu, maziwa ni chakula kizuri, lakini hayasafishi mapafu. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Njia hizi ni mbili.

Ziko pia hatari za miaka mingi. Mwaka 2017, wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani hiyo ni hasa ya mapafu. Fundi anayevuta pia sigara huyapa mapafu yake mzigo wa pili.

Kinga yake ni rahisi. Chomelea nje, si ndani ya banda lililofungwa. Fungua milango yote ya gari. Simama ili upepo ukupige ubavuni, upeleke moshi pembeni. Usiinamie moshi. Kama unachomelea kila siku, tafuta barakoa yenye vichujio vya moshi wa metali.

TANKI TUPU SI TUPU

Hili tulishike sana, kwa sababu hapa hakuna kusubiri usiku. Mtu hufa papo hapo.

Kutu hutoboa matanki ya petroli pia. Mwenye gari humwaga petroli yote, akasema, "Tanki ni tupu, lichomelee." Lakini petroli iliyobaki kwenye kuta na pembe hugeuka mvuke. Mvuke huo ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka. Tanki lililojaa petroli lina hewa kidogo tu. Tanki lililomwagwa lina mvuke na hewa pamoja. Kwa hiyo tanki linaloitwa tupu ndilo baya zaidi.

Usichomelee tanki la mafuta nyumbani, liwe la gari, la pikipiki au pipa. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Nunua jingine, au lipeleke kwa karakana inayojua kulisafisha na kulipima. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka unakutana na cheche. Basi hata unapoziba sakafu tu, madumu ya petroli yawe mbali.

Vitu vingine vilivyofungwa navyo hulipuka vikipata joto: shokomzoba, bomba lililozibwa pande zote, na rimu yenye tairi iliyojazwa upepo. Toa tairi kwanza. Kutoa upepo peke yake hakutoshi.

UMEME

Mashine nyingine hutengenezwa na mafundi wa mitaani kwa kusokota nyaya za shaba. Angalia isiwe na waya ulio wazi. Usichomelee mvua ikinyesha au ukiwa umesimama kwenye maji. Vaa viatu vyenye soli ya raba na glavu kavu. Jasho huloanisha glavu, kwa hiyo uwe na jozi ya pili. Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima umeme kwanza kwenye swichi au jenereta, ndipo umsaidie.

UKIUMIA, FANYA HIVI

Chembe ya chuma jichoni. Grainda hurusha chembe za moto. Chembe ikiganda jichoni, huanza kushika kutu humo humo kwa muda mfupi, na kuacha pete ya kutu jichoni. Osha jicho kwa maji safi mengi. Chembe isipotoka, usiichokoe kwa sindano, kijiti wala ulimi. Funika bila kukandamiza, uje zahanati siku hiyo hiyo.

Kidonda cha bati. Watu husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Si kutu. Pepopunda huletwa na vijidudu wanaokaa katika udongo na mavi ya wanyama. Bati lenye kutu limelala kwenye udongo, na linachana nyama kwa ndani. Ndipo vijidudu hupata njia. Kwa hiyo hata mwiba au msumari mpya unaweza kuleta pepopunda. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Kisha uje zahanati tuitazame chanjo yako. Akina mama wengi huchanjwa pepopunda wakiwa wajawazito. Akina baba wengi hawajachanjwa tangu utotoni, nao ndio wanaoshika bati. Taya zikianza kukaza, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kuungua. Poza mahali palipoungua kwa maji safi ya kawaida yanayomiminika, kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala asali. Kuungua usoni, mikononi au mahali papana ni kazi ya hospitali.

BAADA YA KAZI

Usiondoke upesi. Moto unaweza kufuka ndani ya zulia au lami kisha ukawaka watu wamekwenda kula. Mtu mmoja akae na gari muda usiopungua nusu saa, na saa nzima ni bora zaidi. Papase chini ya sakafu kwa mgongo wa mkono, bila kugusa kiungo, usikilize joto.

Chuma kikipoa, piga brashi kiungo, kisha paka rangi ya kuzuia kutu juu na chini. Kiungo kisichopakwa rangi huota kutu masika ya kwanza, nawe utarudia kazi yote, moshi wote na mwanga wote. Kuosha matope chini ya gari ni kinga ya gari, na ni kinga ya macho yako pia.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Lakini tuliyoyasoma leo yote yana kinga. Kinyago ni kinga. Upepo wa pembeni ni kinga. Chanjo ni kinga. Kukataa kuchomelea tanki ni kinga. Kijiji chenye fundi asiyeona kimepoteza fundi, na nyumba yake imepoteza mlishaji. Mwenye gari anapopatana na fundi bei ya kazi, amwulize pia: "Fundi, kinyago chako kiko wapi?" Kama hakipo, kazi isubiri.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini maumivu ya jicho huanza usiku, wakati kazi ilifanywa mchana?
2. Fundi amepata homa baada ya kuchomelea bati lenye zinki. Afanye nini, na amwambie nini mhudumu wa zahanati?
3. Kwa nini tanki la petroli lililomwagwa ni la hatari kuliko lililojaa?
4. Ni nani katika darasa letu amechanjwa pepopunda akiwa mtu mzima? Waliobaki watakwenda zahanati siku gani?